Ngata Katika Droo ya Mwazye

Haya yote ni kweli tupu. Nimewahi kuwaongopea watu kuhusu kambare wa Ziwa Rukwa aliyemeza redio, ikaendelea kusoma taarifa ya habari tumboni mwake, na hilo nalikiri na kulijutia kidogo. Lakini habari ya chumba cha kadi sijaitia chumvi hata punje. Atakayenasa uongo humu, hata mmoja, aje kwangu Katandala aniambie. Nitamlimia ntumba kumi, yale matuta yetu ya mviringo ya kufukia nyasi, kwa jembe la mkono, mimi mwenyewe na mgongo huu wa miaka sabini na mbili. Naliapia jembe lenyewe. Limeegemea ukuta hapa ninapoandika.

Basi.

Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba, mwaka wa sabini na tano. Watu wa Ufipa walikuwa wamekwisha kuhamia vijiji vipya, na mvua ilikuwa bado wiki mbili. Mpelelezi Yunusu Mwinjuma alishuka kwenye lori lililotoka Mbeya, akasubiri kofia yake ambayo upepo ulikuwa umeipeleka Zambia, nayo ikarudi na mhuri wa uhamiaji. Akaivaa, akauliza chumba cha kadi kiko wapi.

Kilikuwa nyuma ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Ndani mlikuwa na kabati la mninga lenye droo thelathini: kila kijiji na droo yake, kila kaya na kadi yake. Makarani watatu walilitumia kabati hilo hilo moja. Marselino wa kilimo aliandika mashamba. Lukmani wa afya aliandika chanjo. Beda wa elimu aliandika watoto waliofikia umri wa shule. Mkuu wao, Ndugu Adriano, hakuandika kitu. Yeye alikagua usafi, na aliupenda usafi kiasi kwamba nzi walifuta miguu mlangoni kabla ya kuingia.

Adriano alimpa mgeni kiti, akamwekea kadi mbele.

"Hii ni kaya ya Cornelia, mjane, kijiji cha Mwazye. Soma mstari wa shamba, Ndugu Mpelelezi."

"Hauna kitu."

"Hauna kitu! Na tarehe kumi na nne ya mwezi huu ulikuwa na shamba namba arobaini na moja. Marselino kaliandika kwa mkono wake. Mimi tarehe ishirini na mbili nafungua droo, naona arobaini na moja haina mwenyewe, nampa Adolfu aliyekuwa akiomba siku nyingi. Siku mbili baadaye mama wa watu yuko mlangoni hapo analia, na Adolfu keshaanza kufyeka."

"Huu mwandiko wa nani?"

"Lukmani. Tarehe kumi na sita, na sahihi yake hiyo. Kafuta shamba la mjane, na siku hiyo hiyo kaonekana na jogoo. Jogoo mkubwa, mwekundu, kaning'inia kwenye usukani wa baiskeli. Karani wa sindano jogoo kampata wapi?"

"Nani alimwona?"

"Marselino."

Mwinjuma alitoa penseli na wembe, akachonga. Waliofanya kazi naye walijua kwamba hachongi penseli ovyo. Akichonga, ujue kuna kitu kimemkwama.

"Yuko wapi huyo Lukmani?"

"Mahabusu, tangu Jumamosi iliyopita. Jumamosi hii lori linampeleka Mbeya akamjibu hakimu. Ripoti yako ikiwa tayari Ijumaa jioni, itakwenda naye. Kula shamba la mjane, zama hizi za ujamaa! Miaka saba haimtoshi."

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi.

Mwinjuma alianza na Marselino, mtu mrefu aliyeinama kidogo kwa sababu ya kuvuta kamba za kupimia mashamba. Alimkuta mbele ya kabati.

"Nionyeshe unavyofanya kazi. Usinieleze. Nionyeshe."

Marselino alivuta droo ya Kaengesa, akachomoa kadi moja, akaiweka mezani na kufungua daftari lake.

"Kadi haziruhusiwi kutoka humu. Kwa hiyo kwanza nanakili. Kila kitu, jina, watoto, chanjo, shamba. Hivi. Halafu kadi narudisha droo, mimi naondoka na daftari. Kijijini napima, naandika badiliko kwenye daftari. Nikirudi nachukua kadi mpya, naandika kila kitu kutoka kwenye daftari, pamoja na badiliko langu. Natia sahihi na tarehe. Nachomoa ya zamani, nasukumiza mpya mahali pake."

"Na ya zamani?"

"Kikapuni. Bertilla anakwenda kuichoma."

"Kwa nini ichomwe? Kwa nini usikate mstari mmoja tu kwenye kadi ile ile ukaandika juu yake?"

Marselino aliangalia mlangoni kwanza.

"Mwezi wa tano walikuja wageni wakubwa, kaka. Wakafungua droo wakakuta mikwaruzo na wino umemwagika. Mzee alishikwa na aibu mpaka akalala na homa siku tatu. Tangu hapo hakuna kukwaruza. Badiliko moja, kadi mpya. Uchafu wote pipani."

"Kabla ya kuchomoa ya zamani, unaisoma?"

"Ya nini? Si ninayo kwenye daftari?"

Penseli ilichongwa.

"Mwazye ulinakili lini?"

"Tarehe sita. Nikarudi tarehe kumi na nne, nikaandika kadi ishirini na tatu, kaya zote zilizopata mashamba mapya. Kesho yake alfajiri nikaenda Kaengesa. Nikarudi tarehe ishirini."

Mwinjuma alizipanga tarehe zile kwenye daftari lake, moja chini ya nyingine kama hesabu ya mtoto wa shule.

"Lukmani ni mtu wa namna gani?"

"Anashabikia timu mbovu. Kosa lake jingine silijui."

Mchana ule akaenda mahabusu. Lukmani alikuwa kijana wa mjini, nyumbani kwao wana duka la nguo na lori moja bovu. Mama yake, Bi Hamisa, alikuwa anatoka na sahani tupu. Alimtazama Mwinjuma kutoka viatu hadi kofia.

"Wewe ndiye uliyetoka Mbeya?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu hakuiba. Sasa fanya kazi yako." Akaenda zake.

Ndani, Lukmani alisalimu, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

"Kwa nini ulifuta shamba la Cornelia?"

"Sikulifuta. Wala sikuligusa."

"Kadi ina mwandiko wako."

"Mwandiko ni wangu. Shamba silijui."

"Mtu huandika kadi nzima asijue alichoandika?"

"Niliandika kilichokuwa kwenye daftari langu, nikaongeza chanjo ya surua. Kadi ishirini na tatu, nilimaliza na vidole vimekufa ganzi."

"Ngapi?"

"Ishirini na tatu."

"Ulizinakili lini?"

"Tarehe sita. Mimi na Marselino tulikaa meza moja, tukigombania kichupa kimoja cha wino."

Mwinjuma aliandika, akafunga daftari. "Na jogoo?"

Lukmani akageukia ukuta.

"Lukmani. Jumamosi unakwenda Mbeya."

"Jogoo nilipewa. Aliyenipa simtaji. Sisi wa afya tumekatazwa kupokea, na yeye alinipa kwa heshima. Nikimtaja ataitwa mtoa rushwa. Bora nibaki humu."

"Hata miaka saba?"

"Hata mchuzi wa humu, ambao ni mbaya kuliko miaka saba."

Cornelia alikuwa amefikia kwa ndugu zake Malangali, akingojea kesi. Mwinjuma alimkuta asubuhi ya Alhamisi juani, anachambua maharage kwenye ungo. Walipigiana makofi ya salamu, desturi ya Ufipa, wakaulizana habari za nyumbani, za njiani, za baridi, mpaka ikawa sawa kuanza mazungumzo.

"Mama, kuna habari ya jogoo mwekundu."

"Ehee! Jogoo wangu! Alifika salama? Wamemla au wamemfuga?"

Mwinjuma aliacha wembe mfukoni. "Jogoo wako?"

"Wangu. Nilimpa yule kijana wa sindano. Baba, mimi nilikuwa na wajukuu wanne. Mwaka juzi surua ikaondoka na mmoja. Kijana huyu kaja, kawachanja watatu waliobaki, kambeba mdogo mgongoni mpaka alipoacha kulia. Nampa jogoo, anakataa, eti serikali imekataza. Nikamwambia, mwanangu, ukiukataa mkono wangu umeikataa shukrani yangu, na hizo sindano zako ungezichukua zote urudi nazo. Ndipo akampokea."

"Yule kijana ndiye aliyefungiwa kwa kosa la kula shamba lako."

Ungo ulishuka magotini.

"Yule? Nani kasema?"

"Ofisi."

"Basi ofisi inaumwa. Na aliyeisemesha naye anaumwa."

Jogoo alikuwa ametoka kwa mlalamikaji mwenyewe. Kisa cha rushwa kilikufa hapo kwenye maharage. Lakini kadi ilibaki tupu vile vile, na sahihi ya Lukmani ilibaki chini yake. Hakimu wa Mbeya angesoma kadi, asingemsoma jogoo. Mwinjuma alirudi mjini kwa miguu, akapita nyuma ya ofisi hadi kwenye pipa la kuchomea takataka, akaanza kupekua majivu kwa kijiti.

"Unatafuta nini, kaka? Viazi?"

Alikuwa Bertilla, aliyefagia, aliyechemsha chai na kuchoma alivyoambiwa achome. Alisimama na sinia, kanga kiunoni.

"Natafuta ushahidi."

"Ushahidi umeungua. Ila hesabu yake ninayo."

Akaweka sinia chini, akaingia ndani, akatoka na daftari lenye jalada la buluu. Jioni alisoma kisomo cha watu wazima, na mwalimu wao alikuwa amewaagiza waandike kila siku kazi moja waliyofanya kwa mikono yao. Herufi zilikuwa kubwa, zimeinama kama mahindi baada ya upepo. Mwinjuma akasoma.

TAREHE 14. NIMECHOMA KADI 23.

TAREHE 15. NIMEOSHA VIKOMBE.

TAREHE 16. NIMECHOMA KADI 23.

"Za droo gani?"

"Mwazye, zote mbili. Zile za kumi na nne zilikuwa zimechakaa, nyeusi pembeni kama kola ya dereva. Za kumi na sita zilikuwa nyeupe pe! Wino umekauka juzi tu. Niliona uchungu. Nikamwambia mwalimu wangu, ofisini kwetu wanachoma vipya."

"Ofisini ulimwambia nani?"

"Ofisini wananiuliza chai."

Mwinjuma alichonga penseli mpaka ikabaki ya kidole kimoja.

Ijumaa saa tatu aliwaketisha wote mezani: Adriano, Marselino, Beda. Lukmani aliletwa na askari. Bertilla alikuwa anamimina chai. Mwinjuma aliweka daftari la Marselino upande wa kulia na la Lukmani upande wa kushoto, yote yamefunguliwa penye jina la Cornelia.

"Someni. Tarehe sita, maneno ni yale yale, kwa sababu wote wawili walinakili kadi moja, asubuhi moja. Baada ya hapo kila mmoja kaenda na njia yake. Marselino kaongeza shamba. Lukmani kaongeza chanjo. Tarehe kumi na nne Marselino kaandika kadi mpya, yenye shamba, isiyo na chanjo. Tarehe kumi na sita Lukmani kaandika kadi mpya kutoka kwenye daftari lake, yenye chanjo. Shamba atalitoa wapi? Daftari lake ni la tarehe sita. Shamba halikuwa limezaliwa. Kachomoa kadi ya Marselino bila kuisoma, kaitupa kikapuni kama alivyoamriwa."

"Hayo ni maneno," Adriano alisema. "Kadi iliyofutwa shamba ni moja. Ya mjane. Mbona wengine hawajalia?"

"Hawajajua. Mvua bado. Ndugu Adriano, kwenu wapi?"

"Mwazye."

"Umepimiwa shamba?"

"Namba kumi na tisa, karibu na kijito. Marselino ndiye aliyelipima."

"Nililipima," Marselino alisema. "Nikaliandika tarehe kumi na nne pamoja na mengine."

Mwinjuma alivuta droo, akachomoa kadi, akampa.

"Soma mstari wa shamba, Ndugu."

Adriano alivaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Hauna kitu," alisema kwa sauti ndogo.

"La mjane tuseme kaliiba kwa jogoo. La kwako kaliiba kwa nini, kwa bata? Zipo ishirini na tatu, na zote ziko hivyo. Hakuna aliyefuta. Wawili wameandika juu ya kitu kimoja, kila mmoja akidhani yuko peke yake, na amri ya usafi ikachoma alama zote."

Nzi aliingia bila kufuta miguu. Hakuna aliyemfukuza.

"Nitawapatiaje sasa watu mashamba yao?" Adriano aliuliza. "Mvua hiyo inakuja."

"Madaftari si mnayo? Chukueni chanjo huku, shamba huku. Someni kwa sauti, mwandike pamoja. Lakini kesho kutwa mtarudia kosa lile lile."

Hapo ndipo Beda, karani wa elimu, kijana mtanashati na mwenye akili kuliko umri wake, aliposimama. Alisema kwamba mwanamke wa Ufipa akienda kuazima ungo kwa jirani akakuta mwenyewe hayupo, huuchukua na kuweka ngata yake, ile pete ya kitambaa ya kubebea mzigo kichwani, pale ungo ulipokuwa. Kila ngata inajulikana kwa kitambaa chake. Mwenye ungo akirudi hapigi kelele. Anajua uko kwa nani. Na jirani wa pili akija, anajua ungo umeshatoka, anasubiri au anamfuata aliye nao. "Basi kila karani," Beda alisema, "awe na ngata yake. Ukinakili kijiji, acha ngata yako kwenye droo. Mwenzako akiikuta, asiandike kadi ya kijiji hicho mpaka urudi uiondoe. Na kadi ya zamani isichomwe. Ikae nyuma ya mpya mpaka wote watatu waione."

Mwinjuma alimpa mkono. Adriano alimpa mkono. Ngata tatu zikasokotwa siku ile ile, ya kijani, nyekundu na ya kaniki, na mpaka jioni kadi ishirini na tatu zilikuwa zimeandikwa upya, shamba na chanjo pamoja. Adolfu alipewa shamba jingine, lenye rutuba kiasi kwamba alipodondosha kijiti cha meno kikaota mchungwa. Ripoti ya Mwinjuma ilikuwa mstari mmoja: Hakuna mwizi, kuna kabati. Jumamosi lori liliondoka kwenda Mbeya, na mahali pa Lukmani pakakaa gunia la maharage.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimemalizia. Nikaona sura imetimia, nikampelekea Bertilla asome, kwa kuwa yumo ndani yake na yuko hai, Malangali, ana miwani yenye mkono mmoja na uzi. Alikaa nayo siku mbili. Siku ya tatu akanipigia simu niende.

Nilimkuta barazani, karatasi zangu magotini, kidole juu ya mstari.

"Beda."

"Naam, mama."

"Marselino alirudi kutoka Kaengesa lini?"

"Tarehe ishirini. Nimeandika hapo."

"Umeandika. Na jogoo alionekana lini mjini?"

"Kumi na sita."

"Nani alimwona?"

Nikaangalia kuku wake waliokuwa wakipita.

"Marselino alikuwa Kaengesa, Beda. Alimwonaje? Kwa darubini? Na huyu mpelelezi wako mjanja, aliyeuliza mpaka rangi ya majivu, akakaa na Marselino asubuhi nzima asimuulize habari ya jogoo?"

"Pengine alisahau."

"Hakusahau. Alikuuliza wewe. Nilikuwa naleta chai. Alichonga ile penseli mara mbili."

Basi acha niseme. Tarehe kumi na sita ofisini tulikuwa wawili tu, mzee Adriano na mimi. Lukmani alipita dirishani na baiskeli, jogoo kaning'inia. Nikasema, kwa kucheka tu, "Huyo kafanya nini huko Mwazye mpaka kapewa jogoo?" Mzee akacheka. Siku Cornelia alipokuja kulia, mzee hakucheka tena, alikumbuka. Na mimi sikumwambia kwamba ulikuwa utani.

"Ulikuwa utani," nilimwambia Bertilla.

"Utani ulilala mahabusu usiku sita."

Akafunua ukurasa wa mwisho.

"Na hii ya ngata. Wewe umewahi kubeba ndoo kichwani?"

"Hapana."

"Umewahi kuazima ungo?"

"Hapana, mama."

"Kijana mtanashati, mwenye akili kuliko umri wake." Aliyasoma maneno hayo polepole, herufi kwa herufi, kama alivyosoma kisomo. "Beda, siku ile nilikuwa na sinia mkononi nikasema, mbona msifanye kama sisi? Mkacheka wote. Wewe ulicheka mpaka chai ikakutoka puani. Mwinjuma peke yake hakucheka. Aliniambia, nionyeshe. Nikaitoa ngata yangu ya kitambaa cha maua, nikaiweka kwenye droo ya Mwazye. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Sasa umefanya nini hapa? Umenakili yangu, ukaandika kadi safi, ukachoma ya zamani."

Nikarudi Katandala kuchukua jembe.

Shamba lake lipo nyuma ya nyumba, na Machi nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Alinionyesha pa kuanzia, akarudi barazani na kiti chake akakielekeza upande wangu. Ntumba ya kwanza nililima kama kijana. Ya nne nilianza kuzungumza na watakatifu. Kwenye ya nane mpini wa jembe langu, lile lile nililoliapia, ulivunjika katikati, na Bertilla akaniletea la kwake pamoja na kikombe cha togwa ya ulezi. Sijawahi kunywa kitu kitamu vile, na nilimwambia.

"Usinisifu. Zimebaki mbili."

Nilipofukia nyasi za ntumba ya kumi niliona viatu pembeni ya tuta. Mzee Lukmani, na bakora yake. Bertilla alikuwa amemwita aje kuhesabu.

"Kumi," alisema. "Zimekaa vibaya lakini ni kumi."

Nilisimama, au nilijaribu. Mtu huyu alikuwa amewachanja watoto wangu wote watano; kila sindano niliyomshikia mtoto nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumshukuru tu. Sasa nikamwambia, kwa maneno machache, pumzi yenyewe ilikuwa hakuna.

"Najua," alisema. "Tangu mwaka ule. Mlikuwa wawili tu ofisini."

"Mbona hukusema, ndugu yangu?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Sikujua kama itachukua miaka arobaini na saba na shamba la mtu." Akaniinua kwa mkono, akanipangusa udongo begani. "Asante, Beda. Kweli, asante. Haya, hizo ni za Bertilla. Za kwangu je?"

Bertilla alicheka mpaka miwani ikadondoka ikabaki kuning'inia kwa uzi.

Sura iliyo huko juu sikuichoma wala kuikwaruza. Nimeiacha ilivyo, na haya nimeyaweka nyuma yake, ili kila mtu aone kipi ni cha nani. Ngata ilikuwa ya Bertilla. Ukimya ulikuwa wa Lukmani. Mdomo ulikuwa wangu, na nawashukuru wote wawili kwamba wamengoja mpaka ukachoka.

Jumatatu naanza kwa Lukmani. Jembe ni lile la Bertilla; nimeliazima jioni alipokuwa kanisani. Pale lilipokuwa limeegemea nimeacha kofia yangu.